Hesabu magari kabla tingatinga halijafika: kupima athari za jengo jipya kwa barabara ya mtaa wako Nairobi

Barabara za ndani za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilichorwa kwa ajili ya nyumba chache: ploti moja, nyumba moja, ua wa kayaba, gari moja au mawili. Leo ploti ileile inabeba fleti mia moja na zaidi, na barabara iliyo mbele yake haijaongezeka hata mita moja. Parklands na South C nako ni hivyo hivyo.

Mwongozo huu nimeuandikia chama cha wakazi, kamati ya mtaa, au mtu mmoja aliyeamka akakuta bango la ujenzi limesimikwa ng'ambo ya geti lake. Si lazima uwe mhandisi. Unahitaji watu wanne au watano wanaoamka mapema, kalamu, saa na subira. Mimi nilianza kazi hii kwa uchungu. Ripoti ya kwanza niliyoisoma kuhusu jengo la jirani ilisema barabara yetu ina nafasi tele. Nilipofika kurasa za nyuma nikaona tarehe ya hesabu: katikati ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mtaa wetu una shule tatu.

Hatua ya 1: Pata karatasi zenyewe

Usianze na uvumi wa WhatsApp. Kuna makabrasha mawili unayoyataka. La kwanza ni ombi la kibali cha ujenzi lililopelekwa kwa Kaunti ya Nairobi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Sheria hiyo inamtaka mwombaji aufahamishe umma, na umma upewe nafasi ya kutoa pingamizi. La pili ni ripoti ya tathmini ya athari za mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tathmini ya trafiki mara nyingi hukaa humo kama kiambatisho, kwa hiyo usitosheke na muhtasari wa mbele.

Ukiambiwa faili haipatikani, andika barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwenye makabrasha hayo tafuta mambo haya: fleti ni ngapi na za vyumba vingapi, maegesho ni ya magari mangapi, geti liko upande gani, na kama chini kutakuwa na maduka, kliniki au shule ya chekechea. Duka kubwa kwenye ghorofa ya chini hubadilisha hesabu yote, kwa sababu watu huingia na kutoka kutwa nzima, wala si asubuhi na jioni tu.

Kisha jua barabara ni ya nani. Barabara kuu kama Thika Road, Mombasa Road na Waiyaki Way ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Nyingi za barabara kubwa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na zilizobaki ni za kaunti. Ukipeleka malalamiko ya makutano ya KURA kwa ofisi isiyohusika, barua yako itazunguka meza hadi jengo lipakwe rangi.

Hatua ya 2: Chagua sehemu za kupima

Simama mahali geti jipya litakapokuwa, ujiulize: gari likitoka hapa saa moja asubuhi linaelekea wapi? Fuata njia hiyo kwa miguu hadi makutano ya kwanza, halafu ya pili, mpaka ufike barabara kubwa. Kwa jengo la fleti, makutano mawili au matatu hutosha. Mapana ya ramani hayana faida kama hesabu ni hafifu.

Hatua ya 3: Hesabu ya leo

Hesabu siku ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Jumatatu na Ijumaa zina tabia zake, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi si kipimo cha kitu chochote isipokuwa yenyewe. Asubuhi anzeni saa 12:30 hadi saa 3:00. Jioni, saa 10:30 hadi saa 2:00 usiku. Kama mnaweza, rudieni siku moja ya mvua ya Aprili au Novemba, muiandike kando. Kila mkazi wa Nairobi anajua mvua inavyogeuza safari ya dakika ishirini kuwa ya saa moja na nusu.

Kila mtu asimamie upande mmoja wa makutano. Gawa karatasi kwa vipindi vya dakika 15, na kwa kila kipindi piga mistari kulingana na aina: magari madogo, matatu za abiria 14, matatu kubwa na mabasi, malori, bodaboda, baiskeli na mikokoteni, na waenda kwa miguu. Baadaye utageuza vyombo vyote viwe sawa na gari dogo. Kwa kazi ya mtaa, basi au lori lihesabu kama magari mawili na pikipiki kama nusu gari. Wahandisi wana vizidishio vya kina zaidi, lakini hivi havitakupotosha.

Sasa nakuomba uisome sehemu hii polepole, maana ndipo tathmini nyingi zinapopotea njia.

Ukisimama kwenye makutano yaliyokwama na kuhesabu magari yanayopita, utapata idadi ndogo. Barabara imejaa pomoni, kwa hiyo kinachopita ni kidogo. Mtu aliyeketi ofisini akiiona karatasi yako atasema barabara ina nafasi, ilhali wewe ulikuwa unatazama foleni isiyo na mwisho. Magari yaliyopita si yale yaliyotaka kupita.

Dawa ni rahisi. Mwanzoni mwa kila dakika 15, mtu mmoja atembee kando ya foleni na kuhesabu magari yaliyosimama. Mwishoni afanye vivyo hivyo. Tuseme yalipita magari 150, foleni ilianza na magari 10 na ikaisha na 40. Waliotaka kupita si 150. Ni 150 pamoja na ongezeko la foleni, yaani 180. Hiyo 180 ndiyo hali halisi ya barabara yako. Kama ripoti ya mshauri wa mwenye jengo haina kipimo cha foleni, una hoja ya kwanza na nzito ya kuipinga.

Andika pia kama kuna askari wa trafiki anayeongoza magari kwa mkono. Kwenye makutano mengi ya Nairobi taa huachwa ziwake peke yake na askari ndiye anayeamua nani apite. Programu ya kompyuta iliyokadiria foleni kwa mzunguko wa taa usiofuatwa inazungumzia mji mwingine.

Hatua ya 4: Jengo litaleta magari mangapi?

Washauri wengi hutumia vitabu vya viwango vya Marekani kukadiria safari za kila fleti. Vitabu hivyo ni kazi nzuri, lakini vilitokana na miji ya watu wengine, ambako hakuna matatu, hakuna bodaboda ya kuleta mtungi wa gesi, wala dereva anayerudi nyumbani baada ya kuacha watoto shuleni ili ambebe mama kwenda kazini. Safari hiyo ya dereva ni mara tatu kupitia geti, si mara moja.

Njia bora iko mtaani kwako. Tafuta jengo linalofanana na lile linalopangwa: fleti za vyumba vilevile, kodi inayokaribiana, umbali uleule kutoka steji. Muombe mwenyekiti wa wapangaji au keyteka (mtunza jengo) ruhusa, kisha ukae karibu na geti uhesabu wanaotoka na wanaoingia. Uliza fleti zilizo na watu ni ngapi, kwani jengo jipya lenye nusu ya wapangaji litakupa jibu la uongo.

Tuchukue mfano. Jengo la kulinganisha lina fleti 120, lakini zenye watu ni 96. Kati ya saa 1:00 na saa 2:00 asubuhi yalitoka magari 41 na yakaingia 7, jumla 48. Gawanya 48 kwa 96, unapata safari 0.5 kwa kila fleti yenye watu. Jengo jipya lina fleti 160. Basi tarajia safari 80 katika saa hiyo: magari 68 yakitoka na 12 yakiingia.

Fanya vivyo hivyo jioni. Usishangae ukikuta jioni imetandazwa zaidi, watu wakirudi kidogokidogo kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku.

Hatua ya 5: Weka jengo juu ya barabara

Tuendelee na mfano uleule. Ulisimama kwenye barabara ndogo inayoingia barabara kubwa, ukaona kwamba magari yanayotoka upande huo wa mtaa, saba kati ya kumi huelekea makutano hayo. Saba ya kumi ya 68 ni magari 48 kwa saa.

Makutano yanapitisha magari 150 kila dakika 15, yaani 600 kwa saa. Wanaotaka kupita ni 180 kila dakika 15, yaani 720 kwa saa. Foleni ilianza na magari 10. Baada ya saa moja ina magari 130, na gari la mwisho litasubiri dakika 13 kabla ya kupita. Sasa ongeza magari 48 ya jengo jipya. Foleni inafika magari 178 na gari la mwisho linasubiri karibu dakika 18. Kila gari kwenye foleni hula kama mita 6 za barabara, kwa hiyo hayo 48 yanaongeza foleni kwa mita 288. Tembea mita 288 kurudi nyuma kutoka mwisho wa foleni ya leo uone inafika wapi. Mtaani kwetu ilipita geti la shule na kituo cha afya.

Ripoti itakayoletwa kwenye mkutano wa umma kuhusu jengo itakuambia magari 48 juu ya 720 ni chini ya asilimia 7, athari ndogo. Hesabu hiyo ni sahihi na bado inapotosha. Kwenye barabara yenye nafasi, asilimia 7 haisikiki. Kwenye barabara iliyojaa, ni sawa na kumimina maji kwenye debe lililofurika: kila tone linamwagika. Muda wa kusubiri katika mfano wetu umepanda kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo swali la kuuliza si magari yameongezeka kwa asilimia ngapi. Uliza: mtu wa mwisho kwenye foleni atasubiri dakika ngapi zaidi, na foleni itaziba geti la nani?

Kanuni ya wahandisi ni kwamba makutano yakitumia zaidi ya asilimia 85 hivi ya uwezo wake, foleni huanza kukua bila kutabirika. Yetu katika mfano yamevuka asilimia 100 hata kabla ya jengo. Hapo mstawishaji, yaani mwenye mradi, hawezi kusema tatizo si lake kwa kuwa lilikuwepo. Ndiyo sababu hasa ya kumdai hatua za kulipunguza.

Hatua ya 6: Geti

Geti husahaulika, na ndilo lililo rahisi kurekebisha kabla zege halijamwagwa.

Pima kwa saa: askari wa geti anachukua sekunde ngapi kuandika namba ya gari, jina, kitambulisho, na kupiga simu juu? Ikiwa ni sekunde 45, geti linaweza kuhudumia magari 80 kwa saa. Yakija magari 70 jioni utadhani yatatosha, lakini hayaji kwa mpango, huja kwa makundi. Kwa hesabu za foleni, wastani wa magari yanayosubiri nje hapo ni 6, yaani mita 36 za barabara ya umma zimegeuzwa ukumbi wa kusubiria wa jengo la mtu. Askari akitumia sekunde 25, kwa mfano kwa kuwapa wakazi kadi, uwezo unakuwa magari 144 na wastani wa wanaosubiri unashuka chini ya gari moja. Tofauti yote hiyo ni kadi na kizuizi kilichorudishwa ndani ya ploti. Dai geti lisogezwe ndani kiasi cha kutosha magari sita, na dai liwe kwenye mchoro ulioidhinishwa, si kwenye ahadi ya mdomo.

Angalia pia kama dereva anayetoka ataona. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari huenda karibu mita 14 kila sekunde. Anayetoka getini anahitaji sekunde sita hivi kuingia barabarani, kwa hiyo lazima aone zaidi ya mita 80 kila upande. Ukuta, bango au mti ukiziba, andika.

Hatua ya 7: Wanaokwenda kwa miguu

Safari zipatazo nne katika kila kumi Nairobi hufanywa kwa miguu. Asubuhi watu hutoka Kawangware wakapita Lavington, wakatoka Kibera wakapita Kilimani, wengine hadi Eneo la Viwanda. Wanapita mbele ya hilo geti. Sera ya jiji ya usafiri usio wa magari, ya 2015, ilitaka angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembeao na wapandao baiskeli. Hata hivyo ripoti za trafiki huhesabu magari tu, kana kwamba mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya mandazi kichwani si sehemu ya barabara.

Wahesabu. Andika wangapi hupita kila dakika 15, wangapi hulazimika kushuka kwenye lami kwa sababu ya matope au gari lililoegeshwa, na wanavuka wapi kweli, hata kama kivuko cha pundamilia kimechorwa kwingine. Nikisema ukweli, hesabu hii ndiyo iliyobadilisha mawazo ya maofisa kwenye mkutano wetu. Takwimu za foleni walikuwa wamezizoea. Lakini walipoona kwamba watu zaidi ya mia nne kwa saa wanapita mahali ambapo magari 80 yatakuwa yakikata njia ya miguu, walinyamaza na kuuliza maswali ya maana.

Hatua ya 8: Tipa na miaka ya ujenzi

Jengo huleta magari kabla ya mpangaji wa kwanza. Shimo la maegesho la mita za mraba 2,000 lenye kina cha mita 6 lina udongo wa mita za ujazo 12,000. Udongo ukichimbwa hufura. Ongeza robo, ni 15,000. Tipa ya mita za ujazo 15 itatoka mara 1,000 na kurudi mara 1,000. Bado hujahesabu zege, vyuma na maji. Dai saa za tipa zitajwe kwenye kibali, zisigongane na saa za watoto kwenda shule, na magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia lamini.

Hatua ya 9: Majengo ya jirani

Zunguka mtaa wote na kalamu. Andika kila kreni, kila bango, kila ploti iliyozungushiwa mabati, na idadi ya fleti inayotajwa kwenye bango. Zidisha kwa kile kiwango chako cha 0.5. Kila mstawishaji huleta ripoti ya jengo lake peke yake, akidai yeye ni mdogo. Barabara haiwapokei mmojammoja.

Hatua ya 10: Andika, peleka, tetea

Kurasa nne zinatosha: ramani ya mkono, jedwali la hesabu lenye tarehe na saa, matokeo ya hatua ya 5 na 6, na masharti mnayoyataka. Masharti yawe ya kupimika. "Kupunguza msongamano" si sharti. "Geti lirudishwe ndani mita 36, njia ya miguu ya upana wa mita 2 mbele ya ploti yote, tipa zisipite saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi" ni masharti. Msidai maegesho zaidi bila kufikiri, kwa kuwa kila nafasi ya gari ni mwaliko wa gari jingine kwenye makutano yaleyale.

Peleka nakala kaunti, NEMA, na mamlaka yenye barabara. Kaunti ikiidhinisha bila kujali, una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Siku hizo huisha haraka, kwa hiyo anza kuhesabu magari siku unapoliona bango.

Karatasi za hesabu usizitupe. Wapangaji wakishaingia na shule zikifunguliwa, rudini kwenye kona ileile, Jumanne, saa 12:30 asubuhi, kwa fomu ileile. Mwenye jengo hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka na kuupeleka NEMA. Matokeo yenu ya mara ya pili yaambatishwe humo, yakiwa kando ya yale ya mara ya kwanza.